Mtafsiri Aliponyamaza

Hanifu alikuja nyumbani kwangu mchana kweupe, na kofia yake kichwani na kilo mbili za sukari mkononi, akasimama pale kwenye mibuni mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Mtu mwenye mambo ya hovyo hasimami kwenye mibuni. Nilimpa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za dukani?"

Za dukani zilikuwa nzuri. Tukaulizana za kahawa, za mvua, za mama mkwe wake aliyevunjika mguu, zote tukazimaliza, maana huku kwetu mtu haanzi na shida yake kama anakimbizwa.

Hanifu ni mfanyabiashara hapa Isingiro. Babu yake alitoka Tanga zamani na mitumba ya vitambaa, akasahau kurudi, na Hanifu mwenyewe anaongea Kinyambo kushinda baadhi ya Wanyambo. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka ana banda la video, lile la mabati lenye mabenchi na turubai jeusi madirishani.

Alichokuja kuomba ni binti yangu Avelina. Mimi nilishaanza kumtazama kwa jicho lingine, maana mke anaye, mpaka aliponyoosha maneno. Alimtaka akae kwenye kiti cha mtafsiri.

Filamu nyingi zinazoonyeshwa pale ni za nchi za mbali, na watu wake wanaongea lugha ambayo hakuna anayeijua kuanzia hapa mpaka Nyabiyonza. Kwa hiyo pembeni ya pazia panawekwa kiti kirefu, na kwenye kiti anakaa mtu mwenye maiki. Anapunguza sauti ya filamu, anasema yeye. Anakuwa mwanamume, anakuwa mwanamke, anakuwa mtoto, ikibidi anabweka. Miaka yote kiti kile kilikuwa cha Telesfori, na haki yake nampa: filamu ya vita akiitafsiri Telesfori, hata kuku wa jirani wanajificha. Ila kwenye mapenzi alikuwa anaharibu. Niliwahi kupita pale kumpelekea mke wa Hanifu ndizi, mlango ulikuwa wazi, nikaona kijana na msichana wamesimama chini ya mti, kila mmoja anaona haya. Telesfori alikuwa anawasemea maneno ambayo siwezi kuyarudia, na vijana wanacheka mpaka wanapiga mabenchi. Lakini mimi niliwatazama wale wawili. Midomo yao ilikuwa imefungwa. Hawakuwa wamesema kitu.

"Wanawake wameacha kuja, mama," Hanifu alisema. "Banda limekuwa la bodaboda tupu. Mke wangu mwenyewe haingii. Nataka Jumapili mchana iwe ya watu wote, filamu za mapenzi yenye heshima. Na sauti ninayoitaka ni ya huyu anayewasomea masomo kanisani."

Nikamuuliza, yeye Mwislamu, kamsikia wapi.

"Mimi siingii kanisani kwenu, mama. Spika yenu ndiyo inaingia dukani kwangu."

Hapo nilicheka, na yeye akacheka. Kisha akasema sharti lake bila kulizungusha. Angempa Avelina Jumapili moja ya kujaribiwa. Watu wakikaa mpaka mwisho, Jumapili zote zitakuwa zake. Wakiinuka katikati, Telesfori atarudi kwenye kiti chake na tusilaumiane.

Kule jikoni vyombo vilikuwa vimeacha kulia kitambo. Avelina alikuwa anasikiliza na pumzi ameikata.

Ana miaka ishirini na mitatu. Alimaliza kidato cha nne na Kiingereza kizuri, mwaka uleule baba yake, Cassian, akafariki, na kibanja chetu cha migomba na kahawa kikataka mikono. Akabaki. Hakulalamika hata siku moja, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma mimi. Alipokuwa mdogo tulimkalisha kanisani kati yangu na mama mkwe wangu. Bibi hakujua Kiswahili, na padre wa wakati ule alitoka Muleba, Kinyambo chetu hakukijua vizuri. Basi Avelina, ana miaka saba, alikuwa anamnong'onezea bibi yake mahubiri yote. Padre akiwagombeza walevi, mtoto naye anagomba, kwa sauti ndogo, na kidole juu. Bibi aliniambia siku moja kwamba watu wengine wakimtafsiria wanampa maneno, lakini huyu anampa na padre mwenyewe. Kwa hiyo Hanifu aliposema kiti cha mtafsiri nilijua kinamfaa nani. Ila kujua ni kujua, kuruhusu ni kazi nyingine.

Nikamwambia Hanifu kwamba nitaiona hiyo filamu kwanza mimi mwenyewe, yote, ndipo binti yangu afungue mdomo. Hakubisha. Kesho yake alituletea kompyuta yake ya kubeba.

Habari haikulala. Jioni ileile Joviana alikuja. Yeye ni katibu wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna, mimi mwenyekiti, na tumesali pamoja miaka kumi na minne. Hakukaa vizuri kwenye kiti.

"Mama Avelina, mdomo uleule asubuhi usome Neno la Mungu, mchana useme mapenzi?"

Nilimjibu kwamba kama mapenzi ni dhambi basi ile picha ya harusi sebuleni kwake aishushe. Hakukubali, na kusema kweli hata mimi neno lake liliniingia. Nilisali rozari yangu, nikaliacha jambo pale mpaka nione kwa macho.

Tukaiweka kompyuta mezani. Avelina alikaa karibu na daftari na kalamu, maana filamu ile ina maandishi ya Kiingereza chini, naye alikuwa anayasoma na kuyaandika kwa Kiswahili. Mimi Kiingereza sina. Nilimaliza darasa la saba kule Ihembe, na walichotufundisha cha Kiingereza kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo nilitazama watu.

Ni filamu ndogo tu. Mji wa milimani, wenye ukungu kama huku kwetu asubuhi za mwezi wa tano. Kuna kijana fundi redio, karakana yake haizidi choo kwa upana. Kuna msichana, binti wa muoka mikate. Msichana analeta redio kutengenezwa. Inatengenezwa. Wiki inayofuata anaileta tena. Ndiyo filamu yote hiyo. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna anayemvua mtu shati. Kijana anafuta kiti kwa mkono wa shati lake kabla msichana hajakaa. Msichana anakunywa chai aliyopewa, imeungua, anasema nzuri. Siku nyingine anapita barabarani bila redio, na kijana anajifanya hamuoni, huku amekwisha kuichoma meza na pasi ya kulehemu.

Niliiona mara tatu, siku tatu. Mwanamke wa miaka yangu, mwenye wajukuu wanne kwa kaka zake Avelina, nilijikuta kila msichana yule anapokaribia mlango wa karakana, mimi huku natengeneza kitambaa changu kichwani. Nilimkumbuka marehemu, nikamuombea. Nikasema moyoni, hii haina cha kumwonea haya Mungu. Mungu ndiye aliyeiweka haya hii kwa watoto, waiogope na waipende siku zao zikifika.

Siku ya tatu Avelina akaniomba anisomee alivyojipanga. Alisoma vizuri. Alipofika ile siku ya mvua, akasita. Pale filamu ina kama dakika tatu ambazo hakuna maandishi chini. Msichana ameleta redio, mvua inanyesha, kijana anaifungua. Avelina alikuwa ameyatunga maneno yake mwenyewe kuziba lile pengo. Msichana anasema, fundi, mvua imeingia kwenye redio yangu. Kijana anajibu, usijali mrembo, kwa macho hayo nitatengeneza redio za Kyerwa nzima.

"Mvua haijaingia popote," nikamwambia. "Kaiharibu mwenyewe."

"Nani?"

"Huyo binti. Rudisha nyuma."

Akarudisha nyuma mpaka kule chumbani kwa msichana. Mama yake anamsemesha kutoka jikoni, na chini yanapita maandishi marefu. Msichana anaitikia huku amepakata redio, anafungua kifuniko cha nyuma kwa kijiko, anachomoa waya mwekundu, anafunga. Ni kitu cha mara moja tu. Ukipepesa, kimekupita.

Avelina alitazama. Akarudisha, akatazama tena. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nimeipitia mara tano."

"Ulikuwa unasoma."

"Na fundi?"

"Fundi anajua. Mtazame anavyofungua. Anaona waya umechomolewa, haukukatika. Anamwangalia binti. Binti anaangalia viatu vyake. Sasa waya kuurudisha ni kazi ya sekunde ngapi? Lakini haurudishi. Anaanza kukaza skrubu ambazo hazikulegea, ili huyu asiondoke."

Avelina aliweka mkono mdomoni akacheka bila sauti, halafu akaacha kucheka. "Sasa hapo mimi niseme nini?"

"Wao wamesema nini?"

"Hawajasema."

"Basi."

Hapo tukabishana, jambo ambalo si kawaida yetu. Alisema dakika tatu za mtafsiri kunyamaza ni mwaka mzima. Telesfori hanyamazi hata anapokunywa maji. Vijana wataona ameshindwa, wataanza kelele, wakiinuka ndiyo imekwisha, na nafasi kama ile hairudi mara mbili kwa mtu wa kibanja. Aliongea haya kwa upole, na nilijua kila neno ni kweli. Mimi nikamwambia kwamba kumsemea mtu aliyefunga mdomo ni kumshuhudia uongo, hata kama ni mtu wa kwenye filamu. Ule ukurasa wenye maneno ya kutunga hakuuchana. Aliukunja kona, akafunga daftari. Nami sikuuliza tena, maana kiti kilikuwa chake, siyo changu.

Jumapili tulitoka misa ya pili, tukala, na kufika saa tisa nilikuwa nimevaa kitenge changu cha jumuiya. Nilivaa makusudi. Nilitaka anayetaka kuniona nikiingia banda la video anione vizuri. Bibi Deodatha, jirani yangu ambaye amepita miaka themanini, alinishika mkono akasema hajawahi kuingia mle na hataki kufa bila kujua kuna nini. Wanawake walikuwa kama thelathini, wengine na watoto mgongoni. Joviana hakuingia. Alisimama dukani kwa Hanifu akichagua misumari, na sijui msumari gani mwanamke anauchagua kwa nusu saa.

Nyuma mabenchi yalijaa vijana wa bodaboda. Katikati yao alikaa Telesfori, kofia imeinamishwa, amekunja mikono. Alimsalimia Avelina kwa adabu, kisha akawaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba leo tutasomewa Waraka.

Avelina akapanda kwenye kiti. Hanifu akazima taa.

Maneno ya kwanza yalitetemeka. Lakini alipofika kwa mama wa msichana, yule anayegomba toka jikoni, sauti ilitulia, ikakaa mahali pake, na wanawake wote wakageuka kunitazama, maana ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa mimi kabisa, na lile koo langu ninalolisafisha kabla ya kusema. Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Nami nilitazama mbele tu, uso nimeushikilia. Baba muoka mikate alimpa sauti nzito ya polepole ya mzee wa baraza. Fundi alimpa sauti ya kijana anayesema maneno matatu akimeza mate katikati. Palipokuwa pagumu kwa wazee alidondosha Kinyambo kidogo, akarudi kwenye Kiswahili bila kujikwaa. Bibi Deodatha alikuwa anaitikia kila kitu, kama yuko sebuleni kwa hao watu. Hata kule nyuma kelele zilipungua.

Kisha ikaja siku ya mvua.

Msichana akaingia, mabega yamelowa, redio ndani ya khanga, au niseme kitambaa chao kile. Akaiweka mezani. Avelina aliupeleka mkono kwenye kile kisanduku cha kupunguzia sauti, na badala ya kupunguza, akapandisha. Mvua ya filamu ikajaa banda. Ilipiga kama iko juu ya bati letu. Yeye akanyamaza.

Mwanzoni watu walisubiri. Kisha sauti ya kijana ikatoka nyuma, "Mtafsiri, tuko hapa." Mwingine akauliza kama umeme wa maiki umekatika. Mwingine akasema, "Dada, sisi siyo malaika, tuambie wanasema nini."

Nilimwona Avelina kwa ule mwanga wa pazia. Alifungua daftari. Niliiona kona iliyokunjwa. Macho yake yalikuwa juu ya ule ukurasa, na midomo yake ilianza kusogea, nami nikasema moyoni kwamba akiyasoma sitamlaumu. Nani angemlaumu? Miaka sita amelima, amechuma, amenyamaza. Neno moja tu la kuchekesha na watu wote watabaki.

Alifunga daftari. Maiki akaiweka mapajani, akageuza uso kwenye filamu, akatazama kama sisi.

"Mtafsiri ameharibika," akasema Telesfori. "Mpelekeni kwa fundi redio."

Nyuma kulilipuka. Vijana wa benchi zima wakasimama, wengine wa benchi la pili wakaanza kuinuka. Hanifu alikuwa mlangoni, mkono karibu na swichi. Aliwatazama waliosimama, akanitazama mimi. Nilishika rozari mfukoni. Sikuomba ashinde. Niliomba asigeuke nyuma.

Ndipo Bibi Deodatha aliposema. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo akisema anasema kwa kijiji kizima.

"Nyie watoto, kaeni chini mnatuzibia. Huyo binti si kauchomoa mwenyewe huo waya."

"Waya gani, bibi?"

"Mwekundu. Kule chumbani kwake, na kijiko, mama yake akigomba. Hamkuuona? Kwani humu ndani mnatazamaga nini?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, chinichini, kama maji yanayoanza kuchemka. Mmoja akamwambia mwenzake, kaivunja mwenyewe. Mwenzake akamwambia wa pembeni. Kule nyuma mmoja wa waliosimama alikuwa bado amesimama, lakini sasa alikuwa ameinama mbele.

"Jamani, fundi anajua," akasema. "Mwangalieni. Anakaza skrubu za bure."

Akakaa. Waliokuwa pembeni yake wakakaa. Na banda lote, watu labda mia moja na ishirini, likanyamaza lenyewe, kimya ambacho mimi nakijua kanisani wakati wa mageuzo, padre anapoinua hostia, na sikuwahi kudhani kinapatikana kwenye mabati ya Hanifu. Mvua ilinyesha. Kijana akakaza skrubu, akailegeza, akaikaza. Msichana akahesabu vidole vyake. Mara wakainua macho pamoja, wakayateremsha pamoja. Mwanamume mmoja wa makamo, fundi cherehani mwenye mdomo mchafu tunayemfahamu wote, alivuta pumzi ndefu nikaisikia toka upande wa pili.

Mwishowe kijana akaurudisha waya. Redio ikaimba. Akaisukuma mezani polepole kuelekea kwa msichana, na hapo ndipo alipofungua mdomo. Avelina akainua maiki.

"Ilete tena Alhamisi," akasema, kwa ile sauti ya kumeza mate. "Itakuwa imeharibika."

Sijui niseme nini juu ya kelele iliyofuata. Watu walipiga makofi, vijana wakapiga mabenchi, Bibi Deodatha akaniuliza amesemaje, nikamwambia sikioni, naye akapiga kigelegele ambacho nilidhani amekwisha kukisahau. Tangu pale filamu ilikuwa ya kwao. Walipoona redio inakuja tena walikuwa wanahesabu, mara ya tatu, mara ya nne. Baba wa msichana alipoingia karakana mwishoni, yeye mwenyewe, kaibeba redio kwapani, akaiweka mezani na kumwuliza fundi kama nyumbani kwao ana wazazi, wanaume wa nyuma walisimama. Safari hii hawakuwa wanatoka.

Taa ilipowashwa niliangalia mabenchi moja baada ya jingine. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Aliyeongezeka yuko: Joviana, ukutani karibu na mlango, na misumari yake kwenye karatasi, macho mekundu. Aliponiona alisema mle ndani kuna vumbi.

Hanifu hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti kirefu, na Avelina bado hajashuka.

"Jumapili ni zako," akamwambia. "Unasemaje?"

Mimi nilidhani atashukuru na kushuka. Alishukuru, ndiyo, na shikamoo alimpa, lakini hakushuka. Alimwambia Hanifu kwamba filamu aipate siku nne kabla, siyo asubuhi ileile. Filamu azichague yeye. Na kila moja mama yake aione kwanza. Aliyasema haya akiwa amemtazama usoni, bila kiburi na bila kunong'ona, na nikamwona Hanifu anatikisa kichwa kukubali kabla hata hajamaliza, kama vile anavyokubaliana na wafanyabiashara wenzake wa Kayanga. Nimemzaa yule, nimemlea, nikamfundisha kupalilia na kusali. Kusimama vile na mtu mzima sikumfundisha mimi.

Telesfori alinifuata nje. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ile filamu nimeitafsiri mara mbili mwaka huu. Mimi nilisema redio imeingia mende." Alikuna kichwa. "Ule waya sikuuona."

"Ulikuwa unaongea, baba."

Alinitazama kama anataka kukasirika, halafu akacheka, cheko la mtu aliyeguswa mahali penyewe. Akasema Jumapili ijayo atakuja mapema akae mbele. Nikamwambia karibu, na za vita aendelee nazo, maana hizo hakuna anayemfikia. Nilisema kweli, na nadhani ilimfaa.

Jioni ilikuwa inaanza kuingia tulipoishika njia ya nyumbani. Nilitaka kutembea na binti yangu, lakini haikuwezekana. Wasichana walikuwa wamemzunguka, wanamwomba awe fundi, awe baba, awe mama. Mama ndiye waliyemtaka zaidi. Kila nyumba tuliyopita kulikuwa na mtu uani wa kumwita kwa heshima ya Kinyambo, "Avelina, waitu, hongera," naye anasimama, anasalimia, anaulizwa Jumapili ataleta ipi. Watu wale miaka yote walikuwa wananisalimia mimi kwanza. Siku ile walinisalimia baadaye, kama mama yake.

Nikabaki nyuma hatua chache, nimembebea kapu lenye daftari, namshika mkono Bibi Deodatha ambaye alitaka kujua kama yule fundi ana kibanja. Sikuona haja ya kuharakisha.